Maji Niliyosema Nimeyachuja

Kwa mwaka mmoja na nusu nilimlisha baba yangu majani. Mgagani, mchicha, mnafu, kisamvu, na asubuhi na jioni kikombe kizima cha maji ya maua ya choya, mekundu kama wino niliokuwa nasahihishia madaftari. Niliandika ratiba, nikaibandika ukutani kwa uji wa muhogo, nikamwambia mama kwamba haina mjadala. Mimi ni mwalimu. Nikimpenda mtu namwandikia ratiba, na asipoifuata namgombeza. Mume wangu anaijua tabia hiyo na amekwisha kuizoea.

Jirani zetu walikuwa wakisema mzee yule amebahatika kupata binti. Binti anafundisha Musoma, anakaa Makoko hukohuko, lakini kila Jumamosi utamwona anashuka na kikapu. Maneno hayo yalinifikia, nami nilikuwa nainamisha uso, wao wakadhani ni adabu. Haikuwa adabu. Nilikuwa namlisha baba kwa sababu niliamini kwamba mimi ndiye niliyemtia ugonjwa, na nilikuwa sijamwambia.

Lazima nirudi nyuma kidogo, kwenye miaka ile ya foleni. Kwetu ni kati ya Butiama na Bunda, nchi ya pamba na ng'ombe. Sabuni haikuwepo, mama alifulia majani ya mpapai. Nguo zililetwa duka la kijiji mara chache mno, zikagawiwa kwa majina, na jina letu lilikuwa na kawaida ya kuwa chini kabisa ya orodha. Watu walivaa magunia, na sisemi hivyo kwa kutia chumvi. Kulikuwa na mashine ndogo ya kupulizia pamba dawa, nyepesi, ya plastiki, iliyotumia betri za tochi na isiyohitaji maji. Kila mkulima aliipenda. Kisha betri zikapotea madukani. Baba akaitundika mashine ile kwenye mwamba wa paa, akaliteremsha bomba la zamani la kubeba mgongoni, zito kama sufuria ya msibani, ambalo bila maji halifanyi kazi.

Maji tuliyachota lamboni. Maji ya lambo yana tope, yana majani, na ng'ombe wamekwisha kupita. Bwana shamba alikuja kutukusanya, akasema mambo mawili. La kwanza, maji yachujwe kwa kitambaa kabla ya kuchanganywa na dawa, maana takataka zikiingia zinaziba nozeli, kile kichwa kidogo cha shaba chenye tundu mwishoni mwa bomba. La pili, nozeli ikiziba mtu asiizibue kwa mdomo. Watu walimsikiliza kwa heshima zote. La kwanza wakalifuata. La pili hawakulifuata, kwa sababu ukiwa katikati ya shamba, mzigo mgongoni, mikono imelowa na upepo unakaribia kuamka, mdomo ndio ulio karibu. Baba alikuwa anaifungua nozeli, anaiweka midomoni, anapuliza, anatema mate pembeni, anajifuta kwa mgongo wa mkono, anaendelea na mstari. Wanaume wote walifanya hivyo.

Kazi ya kuchuja ilikuwa yangu. Kitambaa kilikuwa kipande cha kanga kuukuu ya mama, unakikunja mara mbili, unakifunga juu ya mdomo wa ndoo, unamimina polepole. Kiligusa maji tu, dawa ilitiwa baadaye shambani. Baba alinikabidhi mwenyewe. "Mama," akasema, "kazi yako ni kubwa kushinda ya kwangu. Ukichujaga vizuri, mimi natembea tu." Aliniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

Msimu ule mama mwenyewe hakuwepo. Bibi mzaa mama alikuwa anaumwa huko Bukima, mama akaenda kumuuguza, akakaa huko miezi miwili. Nyumbani tulibaki baba, mimi na wadogo zangu wawili. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na mwili wangu ukachagua miezi hiyohiyo kuanza hedhi.

Hakuna aliyekuwa amenieleza lolote la maana. Kwetu mambo hayo ni ya bibi na shangazi. Bibi alikuwa kitandani Bukima, na shangazi aliolewa mbali. Kumwambia baba ni jambo ambalo halikunijia hata kama wazo. Mtoto wa kike hamwambii baba yake hivyo, na baba hamuulizi. Nilikuwa na sare ya shule na gauni moja. Kanga za mama, zote mbili, alikwenda nazo. Nilipekua nyumba nzima nikakuta magunia na ngozi ya mbuzi. Basi nikachukua kitambaa cha kuchujia. Nilikifua, nikakichana vipande vinne, nikavificha nyuma ya debe la mtama.

Sikuwa mtoto mpumbavu. Nilijua kwamba sasa hakuna cha kuchujia maji. Nilijaribu gunia, likaacha nyuzi zake ndani ya ndoo, ikawa mbaya zaidi. Nilijaribu kuyatuliza maji mpaka tope likae chini, lakini baba alikuwa ananiita, jua linapanda. Nikaokota majani makubwa kwa vidole, madogo nikayaacha, nikabeba.

Baba akaitazama ndoo. "Umechuja?"

"Nimechuja, baba."

Bomba liliziba kabla hajamaliza mstari wa tatu. Niliona akisimama, akainama, akafungua, akapeleka mkono mdomoni. Likaziba tena. Nilikaa kwenye tuta na ndoo yangu tupu nikihesabu, na nilipofika kumi na moja nikaacha kuhesabu. Zamani, maji yakichujwa, lilikuwa linaziba mara moja au mbili kwa asubuhi nzima.

Ikawa hivyo kila siku ya kupuliza, mpaka mama aliporudi. Asubuhi zilizofuata baba hakuuliza tena kama nimechuja, na mimi nilishukuru kwamba ananiamini. Siku moja alitoka shambani macho yanamtoka maji, akajiegemeza ukutani upande wa kivuli, akatapika. Mdogo wangu akakimbia kuomba maziwa kwa jirani. Akanywa, akalala, jioni akaamka. Watu wakasema dawa imempiga, kama wanavyosema homa imempiga, na hakuna aliyeona ajabu. Mimi nilikaa jikoni nikasonga ugali kwa nguvu mpaka mwiko ukavunjika. Mama alipouliza kitambaa kiko wapi, nikamwambia panya wamekila.

Nikasoma, nikapata ualimu, nikapangiwa Musoma, nikaolewa. Soko likafunguliwa. Nakumbuka siku ya kwanza kuona mitumba Bunda, imerundikwa chini kando ya barabara, mashuka, mapazia, magauni, watu wanakanyaga. Mume wangu alikuwa anachagua shati. Mimi nilishikwa na hasira, nikamwambia tuondoke, na nilipoulizwa nina nini nikasema vumbi. Ningemwambia nini? Kwamba nguo zimechelewa miaka kumi?

Mkono wa baba ulianza kutetemeka wakati huohuo. Mkono wa kulia. Kidole gumba kilikuwa kinasugua cha shahada muda wote, kama mtu anayepukuchua punje za mahindi. Halafu hatua zikawa fupi. Halafu uso ukaacha kucheka, si kwamba hakuwa na furaha, uso tu haukusogea, na mama alikuwa akimuuliza kila mara amemkosea nini. Wengine walisema ni uzee, lakini baba alikuwa hajafika hata miaka sitini. Wengine walisema amerogwa, wakamtaja na aliyemroga. Nilikwenda kumchukua, nikamleta Musoma kwa daktari.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alimwambia baba atembee, afungue na kufunga ngumi, aandike jina lake. Herufi zilianza kubwa, zikamalizikia ndogo kama sisimizi. Kisha akauliza: "Mzee, kazi yako ilikuwa nini?"

"Pamba. Sisi wote tulikuwaga watu wa pamba."

"Dawa ulikuwa unapuliza mwenyewe?"

"Nani mwingine atanipulizia?"

"Na nozeli ikiziba?"

Baba akanyoosha kidole kinachotetemeka, akaonyesha mdomo wake. Sauti yake ilicheka, uso haukucheka. Mimi nilitazama sakafu, na ninaweza hata leo kuichora sakafu ile, mahali ilipopasuka.

Daktari alinieleza nje, taratibu, akijua mimi ni mwalimu. Kuna sehemu ndogo ndani ya ubongo inayotengeneza kitu cha kuongoza mwendo wa mwili, na kwa baba chembe zake zilikuwa zinakufa. Hewa hii tunayovuta, alisema, ikishafanya kazi yake mwilini huacha mabaki makali, na mabaki hayo hula chembe kama kutu inavyokula jembe. Dawa nyingine za wadudu zinadhaniwa kuongeza kutu hiyo. Nikauliza kama iko dawa ya kuizuia. Akasema mimea yenyewe ina vitu vya kujikinga na kutu ya namna hiyo, vinaitwa antioksidanti, vimo kwenye mboga za kijani na matunda yenye rangi kali. Wataalamu wanavijaribu kwa panya waliotiwa ugonjwa unaofanana na huu, na wengine wamepata nafuu. Kisha akaongeza, na alisema wazi, simsingizii: "Hao ni panya, mwalimu. Kwa binadamu bado hatujui. Na chembe zilizokwisha kufa hazirudi. Vidonge nilivyoandika ndiyo tiba. Mboga ale, hazina ubaya, lakini usimtese."

Nilichukua nusu ya maneno hayo, nusu nikaiacha palepale kwenye benchi. Niliandika "antioksidanti" nyuma ya daftari la maandalio ya somo, nikapigia mstari mara mbili. Kama kuna kitu kinachozuia kutu, na kutu niliileta mimi kwa ndoo, basi kitu hicho nitakileta mimi kwa kikapu. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo. Vidonge vilipopatikana kwenye maduka mapya ya dawa tulinunua, na vilimsaidia kuinuka kitini. Lakini vidonge vilikuwa vya daktari. Majani yalikuwa yangu.

Choya nilinunua Bunda kwa mzee mmoja wa Kiislamu, muuza viungo, mtu wa maneno machache aliyekuwa na kofia safi kuliko kofia zote za sokoni. Alinizoea. Akiniona tu anachota. Siku moja alipima, akafunga, halafu akabaki ameshika kifurushi. "Ticha," akasema, "huyo mgonjwa, anaipenda?"

"Ni dawa, mzee wangu."

"Sawa. Nimeuliza kama anaipenda."

Nikakichukua kifurushi changu. Nilimwona ana maswali yasiyomhusu.

Sasa nieleze jambo ambalo mtu asiyetoka kwetu anaweza asilione. Kwetu wanaume hawali ndani. Jioni, jua likiwa bado lipo, kila nyumba inatoa ugali wake na mboga yake, vinawekwa uani kwa mmoja wao, wanaume wananawa, wanakula pamoja. Ugali wa nyumba hii ukiisha wanahamia wa nyumba ile. Mwanamume anayekula peke yake chumbani ni mgonjwa wa kufa au mchoyo. Baba alikuwa anakula na watu wawili, baba mdogo, yaani mdogo wake wa tumbo moja, na jirani yetu fundi wa kuchonga mipini ya majembe. Wamekula hivyo tangu kabla sijazaliwa.

Jumamosi ya kwanza ya ratiba yangu nilisimama mlangoni mwa jiko nikawaangalia. Baba alikata tonge, likatetemeka, nusu ikaanguka kabla ya kufika kwenye mboga. Akaanza upya. Wenzake walikuwa wanapiga soga, mikono imekaa, ugali unapoa, fundi anasimulia habari ya ng'ombe aliyepotea ambayo hata mimi nilikuwa nimekwisha kuisikia. Na mgagani wangu, niliouchemsha mara mbili na kuulaza kwenye maziwa, walikuwa wanauchovya wote. Nikaona mambo matatu kwa pamoja: baba anamwaga chakula mbele ya watu, anakula kidogo, na dawa yake inaliwa na wasioumwa. Damu ikanichemka.

Wiki iliyofuata nilinunua Bunda sahani ya plastiki yenye mfuniko na kijiko kikubwa. Vitu hivyo vilikuwa vimejaa madukani siku zile, rangi zote. Nikatoa amri kwamba kuanzia sasa baba anakula ndani, saa kumi na mbili kamili, chakula chake, sahani yake.

Mama alipinga kwa namna yake. Mgagani wa maziwa kwetu ni chakula cha mwanamke aliyetoka kujifungua, wa kurudisha damu. "Huyu amezaa?" akauliza, akimwonyesha baba kwa kidevu. Fundi naye akawa anapita dirishani asubuhi anauliza mzazi hajambo, na mtoto ananyonya? Baba alicheka kwa ile sauti yake isiyofika usoni. Lakini alikula. Alikula kila nilichokiweka. Hakuwahi kuniambia neno, isipokuwa mara ile moja, Jumamosi ya mvua, aliponiona naingia na kikapu nimelowa chapachapa, akasema, "Majani tena, mama," kisha akakaa sawa apokee kijiko.

Nilikuwa mkali. Nakiri. Nikikuta choya imebaki kwenye kikombe nilimuuliza mama kana kwamba ni mwanafunzi aliyekosa kazi ya nyumbani. Nikamkataza baba ugali mwingi, nikakataza dagaa waliokaangwa kwa mafuta ya zamani, nikasoma kila karatasi la gazeti lililofungia kitu sokoni nikitafuta habari za matunda. Msimu wa zambarau ulipofika nilimletea mpaka ulimi ukawa mweusi. Na kila Jumamosi jioni, nikiwa kwenye gari la kurudi Musoma, nilijisikia nimepungukiwa mzigo kidogo, kama kilo moja hivi. Jumatatu mzigo ulikuwa umerudi wote. Sikujiuliza hata mara moja kwamba huenda mboga zile zilikuwa zinanitibu mimi.

Yeye alizidi kushuka. Alianza kusukumwa na miguu yake mwenyewe, ikienda haraka asikotaka. Sauti ikawa ndogo. Akakonda. Nikaongeza choya.

Kisha ikafika Jumamosi moja ambayo nilichelewa. Pikapu ya kutoka Bunda ilipasuka gurudumu, nikafika jua limeshuka, wanaume wamekwisha kukaa uani kwa baba mdogo. Njia inapita hapo. Nikapiga magoti kusalimia, wakaitikia, nikainuka niende. Baba mdogo akaniita. Hakuniita kwa jina la bibi, aliniita mwanangu, na kwa hilo nikajua kuna maneno mazito.

"Mwanangu, wewe ni msomi. Mimi niulize tu. Huyu ndugu yangu amekosa nini?"

Nikamwambia hajakosa kitu, anaumwa.

"Tunajua anaumwa. Tumeanza kujua kabla yako. Mkono ule ulianza huku, kwenye sahani, miaka miwili kabla hajakuja kwako Musoma. Unafikiri nani alikuwaga anamtolea miba? Samaki wake alikuwa anafika kwake ametolewa miba. Mke wangu alikuwa anasonga ugali mgumu ili tonge lisivunjike. Na huyu," akamwonyesha fundi, "huyu sio mtu wa maneno, wewe unamjua tangu zamani. Alianza hadithi za ng'ombe ili tusimalize kabla yake. Kila siku ng'ombe. Tunakula polepole, tunajifanya tuna maongezi. Yeye anashiba. Ukaja ukamtoa."

Fundi alikuwa anatazama chini, anaona haya kutajwa. Mimi nilitaka kusema mgagani, nilitaka kusema antioksidanti. Niliomba radhi nikaondoka, nikatembea mpaka nyumbani na choya yangu.

Baba alikuwa ndani, kwenye kiti chake, sahani yenye mfuniko mapajani. Mama alikuwa kisimani. Nilikaa chini kwenye mkeka, karibu na miguu yake.

"Baba, kwa nini hukusema unataka kula na wenzako?"

Siku hizo kila jibu lilitoka mbali. "Nilionaga unavyokuja. Hata mvua, unakuja. Nikasema, huyu ana kitu kinamsumbua. Nikila, anaondoka amepumua."

"Na mboga zilikuwa mbaya?"

"Mboga haina shida. Nilikuwa nakula peke yangu tu."

Nilianza kulia, na kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuanza, nikaona nimalize. Nikamwambia: baba, mwaka ule mama alipokuwa Bukima, maji ya bomba la dawa sikuwa nachuja. Ulipouliza nilisema nimechuja. Sikuchuja hata siku moja. Wewe ulizibua kwa mdomo msimu mzima kwa ajili yangu. Nilisema yote kwa haraka, kama mtoto anayesoma asichokielewa, na sababu sikuitaja. Hata nikiwa mwanamke mzima, mwenye mume na kazi, sababu sikuweza kuitaja mbele yake.

Uso wake haukubadilika. Ugonjwa ule unakunyima hata hilo, huwezi kusoma kitu. Kidole gumba kilikuwa kinaendelea na kazi yake.

"Najua," akasema.

Nikamuuliza alijua lini.

"Siku ileile. Majani yalikuwa yanaelea kwenye ndoo. Nikasema mtoto huyu sio mvivu, kuna kitu. Jioni nikapita nyuma ya zizi, nikaona kitambaa. Umekianika kwenye miiba, vipande vinne." Akapumzika. "Mimi ni baba. Nikikuuliza, utanijibu nini? Na ukinijibu, nitakupa nini? Duka lilikuwa halina nguo. Nikaona bora nisiulize."

"Ukawa unapuliza."

"Nikawa napuliza."

Sijui hata leo kama dawa ile ndiyo iliyomtetemesha. Daktari hakujua, na wanaume wengi wa kwetu walipuliza kwa midomo yao wakazeeka mikono imetulia. Sijui kama majani yalimchelewesha ugonjwa hata kwa wiki moja. Ninachokijua ni kwamba kwa miaka yote ile nilijiona nimemdanganya mtu aliyeniamini, na hatia ya namna hiyo mtu anaweza kuishi nayo, unaizoea kama kiatu kinachobana. Sikuwa nimejiandaa kwa hii nyingine. Hakuniamini. Alinistiri. Kila alipoiweka nozeli midomoni alikuwa anajua kwa nini imeziba, na alikuwa ananitunzia aibu yangu. Mtu aliyenitendea hivyo, mimi nikamfungia ndani na sahani ya plastiki. Alikuwa amenisamehe kabla sijakosa la pili, na msamaha huo haukunipa wepesi wowote, ulinitia uchungu mpaka nikashindwa kuinua kichwa.

Baba akaiondoa sahani mapajani, kwa mikono miwili, akanipa.

"Niinue, mama," akasema. "Wenzangu wamekaa."

Nikamshika kwapani, nikamwinua. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia. Tulikwenda hatua zile ndogo, tukasimama, tukaenda, mpaka uani kwa baba mdogo. Walituona tunakuja, hakuna aliyesogea, na nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo niwaombe wampishe nilipoona kwamba haina haja. Kati yao, upande wa kulia wa ugali, nafasi ya mtu mmoja ilikuwa wazi, na kigoda chake kipo. Walikuwa wanakaa hivyo kwa mwaka mmoja na nusu, nami kila Jumamosi jioni nikiondoka nilipita mbele yao, nikasalimia, nisiione.